Mzigo wa Katanga

Zamani za misafara, ambapo Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo cha kila mwenye bidhaa aendaye bara, njia kuu itokayo Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika mikondo mitatu: mmoja ukashika Ujiji, wa pili Karagwe na Buganda, na wa tatu, ambao watungaji wa tarehe huupita kwa haraka, ukateremka kusini-magharibi kwa mfalme Kazembe hata Katanga. Njia hii ya tatu ilikuwa ya Wasumbwa na jamaa zao Wanyamwezi, walioifuata shaba nyekundu iliyosubiwa kwa umbo la misalaba. Na Msiri, mwana wa Kalasa mfanya biashara wa shaba, alistakimu huko Bunkeya, akamiliki ufalme wa Garenganze hata alipouawa na afisa wa Kizungu tarehe 20 Desemba 1891.

Katika ardhi hiyo hiyo, mahali paitwapo Shinkolobwe karibu na Likasi, iligunduliwa mwaka 1915 urani ambayo haikuwa na mfano duniani: mawe ya kwingine aghalabu hayafikii sehemu moja katika mia, na haya yalipita nusu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York tani zipatazo 1,200, zikahifadhiwa katika bohari ya Staten Island, na miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likazinunua kwa kazi ya bomu la atomiki. Kwa hesabu ya kale ya frasila mbili kwa kila bega, shehena hiyo ingalitaka wapagazi zaidi ya 30,000. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na heshima hii, kwamba aliujua mzigo wake, akaupima, akabishana juu ya ujira wake na hata kuukataa. Wachimbaji wa Shinkolobwe walichambua mawe kwa mikono yao, wala hawakuambiwa wanashika nini. Kwangu mimi, hiyo ndiyo dhuluma iliyo kubwa katika habari hii yote.

Nayo dhuluma hiyo ilisafiri pamoja na silaha za nyuklia. Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya Kimarekani yenye mabomu manne ya haidrojeni ilianguka juu ya barafu ya bahari karibu na Thule, Greenland, katika eneo la Aktiki. Baruti za mabomu zikalipuka, plutoni ikatapakaa barafuni, na baadhi yake ikazama katika matope ya bahari, ambako nusu yake itabaki baada ya miaka 24,000. Wainuiti, ambao walikuwa wamekwisha hamishwa mwaka 1953 ili kuipisha kambi ya jeshi la Marekani pale Thule, walikuwa wakiwinda sili katika maji hayo.

Kule Shinkolobwe mgodi ulizibwa kwa saruji Kongo ilipokaribia uhuru. Watu wakarudi kuchimba kwa sururu, wakitafuta kobalti na ile ile shaba ya Wasumbwa. Mwaka 2004 serikali ikakataza, na mwezi wa Julai wa mwaka huo shimo likawaporomokea waliokuwa wangali ndani.