Euphrase Kezilahabi

Euphrase Kezilahabi (13 Aprili 1944 – 9 Januari 2020) alikuwa mwandishi wa riwaya, mshairi na mhadhiri kutoka nchini Tanzania. Anahesabiwa kati ya waandishi muhimu zaidi wa fasihi ya Kiswahili baada ya Shaaban Robert, na pia kati ya wale waliobishaniwa zaidi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilipigwa marufuku shuleni. Diwani yake ya kwanza, Kichomi, ilizua mgogoro kuhusu maana ya shairi la Kiswahili. Na riwaya zake za mwisho ziliwaacha wasomaji wengi wakiuliza kama ni riwaya kweli.

Maisha

Kezilahabi alizaliwa katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi, Mwanza, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1970. Baada ya kufundisha kwa muda katika shule za sekondari alirudi chuoni hapo kama mwalimu wa fasihi. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert.

Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, nchini Marekani, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana mjini Gaborone, akafundisha huko kwa miaka mingi.

Rosa Mistika na marufuku

Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, mwandishi akiwa na umri wa miaka 27. Jina lake limetokana na sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki, yaani "waridi la fumbo".

Riwaya inamhusu Rosa, binti wa Zakaria na Regina wa Namagondo. Zakaria ni mlevi asiyejali riziki ya nyumba yake, lakini ni mkali sana kwa binti zake. Rosa anapopata barua kutoka kwa mvulana, baba anampiga vibaya. Msichana anakua akiwaogopa wanaume na bila kufundishwa lolote kuwahusu. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na macho ya baba, anaangukia katika maisha ya anasa, na miongoni mwa wanaomtumia ni watu wenye dhamana ya kumlea. Anatoa mimba. Baadaye anajirekebisha na kupata mchumba, lakini mchumba huyo anamkataa anapogundua kwamba si bikira, naye Rosa anajiua. Karibu na mwisho, Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenziwe lawama.

Hadi wakati huo wasomaji wa Kiswahili walizoea hadithi ambamo wema hushinda na mafunzo hutolewa waziwazi. Kitabu hiki kilitaja ngono, utoaji mimba na unafiki wa walimu bila kuzungushazungusha maneno. Waliokipinga walisema kinaharibu maadili ya vijana, hivyo kikazuiwa kutumika shuleni. Hata hivyo kiliendelea kusomwa, na baadaye marufuku iliondolewa kikaingia katika orodha za vitabu vya kufundishia.

Hoja ya riwaya yenyewe inahusiana moja kwa moja na mgogoro huo. Rosa haangamizwi na mambo aliyoambiwa bali na yale aliyofichwa: malezi ya kipigo na ukimya yalimwacha bila silaha yoyote siku alipokuwa peke yake. Kwa hiyo swali lililobishaniwa na wazazi na walimu, yaani kumficha kijana au kumweleza, ndilo lililokuwa kiini cha kitabu walichokizuia.

Riwaya zilizofuata

Kichwamaji (1974) inasimuliwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu imemtenga na wazazi na kijiji chake bila kumpa imani nyingine ya kushika. Anaishia kujiua. Wahakiki wengi wameiona kuwa mfano mkuu wa udhanaishi katika fasihi ya Kiswahili, yaani mtazamo kwamba binadamu ametupwa katika dunia isiyo na maana iliyo tayari, na hana budi kujitafutia.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inamfuata Tumaini, kijana anayetapanya mali, kisha anatulia na kuwa mkulima tajiri. Siasa ya Ujamaa inapoifikia mali yake, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Gamba la Nyoka (1979) inaeleza jinsi wanavijiji walivyohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na pengo kati ya maneno ya viongozi na maisha ya watu. Riwaya hizi zilitoka wakati Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa bado mwongozo wa taifa. Kezilahabi hakuukataa usawa wenyewe. Alihoji namna ulivyotekelezwa. Tamthilia yake Kaptula la Marx, inayomdhihaki mtawala aliyevaa kaptula isiyomtosha, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ilichapishwa kama kitabu mwaka 1999 tu.

Mgogoro wa ushairi

Diwani ya Kichomi (1974) ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Katika utangulizi wake Kezilahabi alieleza kwamba alitaka kutumia lugha ya kawaida, kama watu wanavyoitumia katika mazungumzo.

Hatua hiyo iligusa urithi mkubwa wa pwani. Kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga, Pangani na Bagamoyo, tenzi na mashairi yalikuwa yametungwa kwa kanuni kwa karne nyingi. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na 1889, vilivyopiganwa katika pwani hiyo, vilihifadhiwa katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Kwa wanamapokeo, utungo usio na vina na mizani haukustahili kuitwa shairi, na wengine waliona kwamba watu wa bara wanavunja nyumba wasiyoijenga. Upande wa wanamabadiliko, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitetea ushairi huru. Leo tungo za aina zote mbili hufundishwa shuleni.

Kezilahabi aliendelea na mtindo huo katika Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008).

Nagona na Mzingile

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vifupi, kila kimoja hakifiki kurasa 100. Ndani yake hakuna mtiririko wa kawaida wa visa. Msimulizi anapita katika nchi iliyoharibika akiutafuta ukweli, na katika Nagona anakutana na wanafalsafa waliokwisha kufa. Baadhi ya wahakiki waliviona kuwa mwanzo mpya wa riwaya ya Kiswahili. Wengine walilalamika kwamba mwandishi aliyewahi kusomwa na kila mtu sasa anaandikia wasomi wachache.

Urithi

Mashairi yake yametafsiriwa kwa Kiitaliano na Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza ya Annmarie Drury ilitoka mwaka 2015. Rosa Mistika, Kichwamaji na Kichomi zimeendelea kuchapishwa na kusomwa na wanafunzi wa Tanzania na Kenya.

Orodha ya vitabu

Riwaya
Rosa Mistika (1971)
Kichwamaji (1974)
Dunia Uwanja wa Fujo (1975)
Gamba la Nyoka (1979)
Nagona (1990)
Mzingile (1991)

Mashairi
Kichomi (1974)
Karibu Ndani (1988)
Dhifa (2008)

Tamthilia
Kaptula la Marx (1999)