Unataka Honi ya Hewa kwa Pikapu Yako? Hivi Ndivyo Utaipiga Waya Bila Kuchoma Ndai

Wasee wengi wenye pikapu Kanairo washawahi kutamani honi ya lori. Uko Thika Road, trela inalia nyuma yako na kila mtu anajipanga. Yako ukiibonyeza, watu wanadhani ni nduthi.

Ukienda Grogan, pale Kirinyaga Road, unapata seti nzima: tarumbeta mbili, pampu ndogo ya hewa na mpira wa kuziunganisha. Kufunga si ngumu. Shida ni wasee kuchukua waya za honi ya zamani na kuzipachika moja kwa moja kwa pampu. Hapo ndipo moshi huanza.

Kwa nini waya za zamani hazitoshi

Honi iliyokuja na gari haili umeme mwingi, na fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Pampu ya hewa ni mota, na nyingi hula ampea 15 hadi 20. Ukizipachika hivyo, fyuzi inakufa.

Kisha fundi wa haraka anaweka fyuzi ya 30, ama anaifunga na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya fegi. Honi inalia poa na unalipa. Lakini elewa hii: fyuzi hailindi honi, inalinda waya. Ukiidanganya fyuzi, kitu kinachobaki kuungua ni waya wenyewe, na huo waya unapita karibu na mipira ya mafuta.

Cheki volti kwanza

Pikapu kama Hilux na D-Max hutumia volti 12. Lori nyingi hutumia 24. Pampu ya 24 kwa pikapu yako italia kama mbuzi mwenye homa. Pampu ya 12 kwa lori itaungua. Soma kibandiko kabla utoe doo.

Rilei ndiyo mkubwa wa kazi

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Nunua ya volti 12, ampea 30 au 40. Chini yake kuna miguu yenye namba:

- 30: waya mnene kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi.
- 87: waya mnene kwenda kwa chanya ya pampu.
- 86: waya mwembamba kutoka kwa ule waya wa honi ya zamani unaopata umeme ukibonyeza. Utafute na testa, usibahatishe.
- 85: waya mwembamba kwenda kwa bodi ya gari, yaani hasi.

Kama rilei yako ina mguu wa tano katikati, wa 87a, uache wazi. Huo hupitisha umeme wakati rilei imelala, so ukiuunganisha pampu itazunguka usiku kucha na asubuhi betri imekufa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Toa waya wa hasi kwa betri kabla uguse kitu chochote.
2. Funga pampu kwa chuma imara, mbali na ekzosi na mahali maji ya barabara hayarukii. Iweke karibu na tarumbeta, maana mpira mrefu hupunguza nguvu ya hewa.
3. Midomo ya tarumbeta iangalie mbele na chini kidogo, maji yasikae ndani.
4. Kwa waya mnene, chukua wa milimita 4 za mraba. Fyuzi fuata ya kwenye paketi. Kwa pampu nyingi ni 20 au 25.
5. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja. Waya ukichunika kabla ya kufika kwa fyuzi na uguse bodi, hakuna kitu kitauzima.
6. Hasi ya pampu ifungwe kwa chuma safi. Kwangua rangi na kutu kwanza.
7. Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki, na kila tundu la chuma liwe na raba.
8. Rudisha hasi ya betri, kisha fyuzi iwe ya mwisho. Bonyeza kidogo tu; hizi pampu hazikuundwa kulia dakika nzima.

Ikigoma

Rilei inasema "ta" lakini pampu imenyamaza? Cheki fyuzi, mguu 87 na hasi ya pampu. Inalia kwa uchovu? Waya ni mwembamba, hasi ina kutu ama mpira unavuja. Imekataa kunyamaza? Rilei imeganda. Ng'oa fyuzi, nunua nyingine.

Wenye tangi la hewa

Seti zingine zina tangi linaloweza kushika presha ya 120 hadi 150 psi, mara tatu au nne ya tairi la pikapu. Lazima liwe na swichi ya kuzima pampu likijaa na vali ya usalama. Vali ikivuja, badilisha. Kuiziba ni kujitengenezea bomu. Pia fungua koki ya chini mara kwa mara umwage maji, kutu isilile tangi kwa ndani.

Na karao je?

Kanuni za kelele za 2009, ambazo NEMA husimamia, hazitaki kelele zisizo na sababu, na mtaani saa sita usiku hakuna sababu. Weka swichi ndogo ya dashibodi kwa ule waya wa mguu 86. Huo waya hubeba chini ya ampea moja, so swichi yoyote ya kawaida ya gari inatosha. Ukiizima, unabaki na honi ya zamani kejani na hospitalini. Ukiiwasha, uko tayari kwa trela za Mai Mahiu.

Ukipeleka kwa fundi, muulize swali moja kabla aanze: "Fyuzi utaweka wapi?" Akisema haihitajiki, washa ndai utafute mwingine.