Talaka za Wanajeshi Zilivyozaa Mawakili wa Wanyonge

Huku kwetu ukisema "wakili" umemaliza. Uingereza hujamaliza, utaulizwa yupi. Yupo barrister, mwenye wigi, anayesimama mbele ya jaji. Na yupo solicitor, mtu wa ofisini: anampokea mteja, anaandika hati, anatunza wosia wa marehemu kabatini. Hawa wa ofisini chama chao ni Law Society, chenye jengo lake Chancery Lane, London, tangu miaka ya 1830. Kinaongozwa na Baraza.

Tangu 1914 ulikuwepo utaratibu wa kuwatetea maskini Mahakama Kuu, na kuanzia 1926 Law Society ndiyo iliyouendesha. Wakili aliyejitolea hakulipwa kitu. Kesi nyingi zilikuwa za talaka, maana Mwingereza wa wakati ule hakuwa na kadhi wa kumwendea. Ndoa ilivunjwa na Mahakama Kuu tu. Kisha sheria ya 1937 ikaongeza sababu za talaka. Mbali na uzinzi, sasa mtu aliweza kudai ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3, au wazimu usiotibika. Mafaili yakafurika. Huko Wales baadhi ya mawakili waligoma kabisa: kazi ya bure imezidi.

Mzozo huo haujatatuliwa, vita vikaingia Septemba 1939. Mawakili vijana na makarani wao wakaenda jeshini. Waliobaki wengi ni wazee, wakifanya kazi nyuma ya mapazia meusi ya kuficha taa. Mei 1941 mabomu yaliteketeza ukumbi wa Gray's Inn, kaskazini tu ya Chancery Lane, na Kanisa la Temple upande wa kusini. Mwaka huohuo Bunge lilipata nafasi ya kupitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa kuwafidia wateja walioibiwa na mawakili wao. Wizi, inaonekana, haukungoja amani.

Lakini mzigo hasa ulikuwa ndoa. Chukua askari aliyeko jangwani Libya. Inamfikia barua, si ya mkewe, ni ya jirani, yenye habari asizotaka kuzisoma. Hana likizo, mshahara wake ni wa kuhesabu, na ili aachane na mke anahitaji hati ya madai, kiapo, mashahidi, na mtu wa kumkabidhi mke na mwanamume wake makaratasi ya mahakama mkononi. Nani atamfanyia yote hayo bure, na wakili aliyebaki mtaani ana miaka 70? Wakubwa wa jeshi nao walijua kwamba askari mwenye moyo uliovunjika hapigani vizuri.

Mwaka 1942 Law Society ikafungua Idara ya Talaka za Wanajeshi. Mawakili wake waliajiriwa kwa mshahara, na fedha zilitoka Hazina ya serikali. Sidhani Baraza lilisukumwa na huruma peke yake. Lilikosa watu wa kujitolea, basi. Ila kwa kufanya hivyo lilionyesha jambo ambalo mawakili walikuwa wamelikwepa kwa miaka mingi: kwamba kesi ya maskini inaweza kulipiwa na serikali bila wakili kugeuka kibaraka wa serikali.

Kamati ya Lord Rushcliffe, iliyoundwa 1944, ilitoa ripoti Mei 1945 ikipendekeza msaada wa kisheria unaolipiwa na umma lakini ukisimamiwa na Law Society yenyewe. Wakati huo wanajeshi walikuwa wanarudi nyumbani, na mwaka 1947 pekee talaka Uingereza na Wales zilipita 60,000, kutoka kama 8,000 mwaka vita vilipoanza. Sheria ya msaada huo ikapita 1949.

Mpango ulianza kazi Oktoba 1950, na Law Society iliuendesha hadi 1989 ilipokabidhi kwa bodi ya serikali.