Mgeni Ndani ya Konokono: Osamu Miura na Jenetikia ya Vimelea vya Pwani

Makala haya yanafuatilia kazi ya mwanabiolojia wa Kijapani, Osamu Miura, kuhusu kimelea kimoja cha pwani na konokono anayekibeba. Hoja ya msingi ni kwamba kiumbe kilichochukuliwa kwa miaka mingi kuwa mnyoo mmoja kilikuwa kundi la minyoo wanaofanana kwa sura tu, na kwamba kutenganishwa kwao kulibadili historia ya namna walivyosafiri kutoka Asia hadi Amerika ya Kaskazini. Ni historia ya maabara, lakini pia ni historia ya watu walioinama matopeni wakati wa maji kupwa, mwaka baada ya mwaka, wakiokota na kuhesabu.

Istilahi zenyewe zinastahili kuangaliwa kwanza. Neno kimelea linatokana na kitenzi melea, yaani kumea juu ya kitu kingine. Taswira yake ni ya mmea juu ya mti. Wagiriki, ambao lugha za Ulaya ziliazima kwao istilahi hiyo, walianzia mezani: kwao alikuwa mtu alaye chakula pembeni mwa mwenzake. Kiumbe kinachobeba kimelea huitwa mwenyeji, na hapo Kiswahili kinaingia katika kejeli ambayo haikukusudiwa, kwa kuwa wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayezungumziwa hapa hamponyi mwenyeji wake. Humhasi.

Mwenyeji huyo ni konokono mdogo mwenye gamba refu lililochongoka, Batillaria attramentaria, anayejaa kwenye matope ya pwani za kaskazini-mashariki mwa Asia. Mnyoo wake ni wa kundi la trematodi, kundi lilelile la minyoo wanaoleta kichocho katika Ziwa Viktoria na mabonde ya umwagiliaji ya Afrika Mashariki. Mzunguko wake hupita kwa wenyeji watatu. Mayai hutoka katika kinyesi cha ndege wa pwani na kumfikia konokono. Ndani ya konokono mnyoo huteka viungo vya uzazi, kisha hutoa lava wanaoogelea na kujipenyeza katika mwili wa samaki. Ndege amlapo samaki, duara hufungwa. Konokono aliyetekwa huendelea kuishi, hutambaa na kula kama wenzake, ila hazai tena. Kwa mtazamo wa urithi, ni gamba la konokono linaloendeshwa na mnyoo.

Kwamba hali hiyo hubadili hata umbo la mwenyeji lilikuwa jambo lililokwisha kudokezwa. Mwaka 1936 Miriam Rothschild, mwanamke wa Uingereza asiye na shahada yoyote ya masomo, aliyefanya utafiti wake katika kituo cha biolojia ya bahari cha Plymouth, alichapisha makala kuhusu ukubwa usio wa kawaida wa konokono wadogo wa matopeni walioambukizwa trematodi. Baadaye umaarufu wake ulihamia kwa viroboto, na wengi humkumbuka kwa hao.

Miaka 70 baada ya makala ya Rothschild, Miura, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, pamoja na Satoshi Chiba na watafiti wa Marekani akiwemo Armand Kuris, alilirudia swali hilo kwa zana nyingine. Walichunguza konokono 1,360, na asilimia 52.6 kati yao walikuwa wameambukizwa. Waliona kwamba konokono wa sehemu ya chini ya ufuo, iliyo karibu na maji, walikuwa wakubwa na wenye gamba la umbo tofauti na wa sehemu ya juu, na kwamba wakubwa hao wote walikuwa na mnyoo aitwaye Cercaria batillariae. Mtazamaji wa haraka angesema ni aina mbili za konokono. Watafiti hawakuridhika na kutazama: waliwahamisha baadhi ya konokono, wakawatia alama wengine na kuwasaka upya, wakapima kaboni ya miilini mwao ili kujua walikula nini. Matokeo yalikuwa kwamba konokono akishatekwa huteremka kuelekea majini, huanza tena kukua ilhali alikwisha kukomaa, na hula chakula tofauti. Kimelea kilikuwa kimewagawa konokono wa ufuo mmoja katika makazi mawili.

(Msomaji wa makala zao atakutana na tatizo la majina: mwaka huohuo wa 2006 konokono huyu aliitwa Batillaria cumingi katika makala moja na Batillaria attramentaria katika nyingine. Wanaolalamikia istilahi za Kiswahili kwa kutosanifishwa wangefarijika kujua kwamba hata Kilatini cha wanasayansi hakijapona ugonjwa huo.)

Hata hivyo, mchango mzito zaidi ulitokana na DNA. Mwaka 2005 Miura na wenzake walionyesha kwamba ndani ya konokono huyu mmejificha spishi za trematodi ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Cercaria batillariae lilikuwa jina la pamoja la spishi kadhaa. Ugunduzi huo ulikuja wakati mwafaka, kwa sababu konokono huyo alikuwa amekwisha kuwa mhamiaji. Katika karne ya 20 chaza wachanga walisafirishwa kwa wingi kutoka Japani, hasa eneo la Miyagi, ili wafugwe katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, na konokono wakasafiri nao. Kwa kuwa watoto wa konokono huyu huanguliwa wakitambaa, pasipo hatua ya kuelea baharini, hawakuweza kuvuka Pasifiki kwa mkondo wa maji.

Huko Amerika ilionekana trematodi mmoja tu kati ya wale wanaomtesa Japani. Maelezo yalionekana kuwa mepesi: konokono alikuja na chaza, mnyoo akaja na konokono. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2006 ulivuruga wepesi huo. Mnyoo yule mmoja alikuwa spishi mbili. Ya kwanza ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya utofauti wake wa kijenetikia, kama alivyopoteza konokono mwenyewe. Ni dalili ya kundi lililoanzishwa na wahamiaji wachache, na inaafikiana na safari ya chaza. Ya pili ilikuwa na utofauti unaolingana na ule wa Japani. Watafiti walipendekeza kwamba, pamoja na njia ya chaza, hii ilivushwa mara nyingi matumboni mwa ndege wahamao. Forodha ingeweza kukagua kila sanduku la chaza na bado isimzuie huyu wa pili.

Ndege walirudi katika kazi yake ya Panama, katika taasisi ya utafiti ya Smithsonian. Makala ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba konokono wa jenasi Cerithideopsis walivuka nchi kavu ya Amerika ya Kati angalau mara mbili baada ya bahari mbili kutenganishwa: miaka 750,000 hivi iliyopita kutoka Pasifiki kwenda Atlantiki, na miaka 72,000 hivi iliyopita kurudi upande wa pili. Njia inayodhaniwa ni ndege, kupitia Tehuantepec nchini Meksiko.

Wakati huo pwani ya Tohoku ilikuwa imekwisha kupigwa. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilifagia matope yaleyale ambako Miura, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Kochi, alikuwa ameanza kuhesabu konokono tangu 2005 pasipo kujua angekuja kuvitumia kwa nini vipimo hivyo. Yeye na wenzake waliendelea hadi 2015. Katika maeneo yaliyofikiwa na wimbi, msongamano wa konokono ulishuka mara moja, na ukubwa wa kijenetikia wa kundi, yaani makadirio ya wazazi wanaochangia kizazi kijacho, ulipungua kwa asilimia 60 hadi 99. Lakini utofauti wa jeni zao haukupungua kwa kiwango cha kuonekana kitakwimu. Pwani hiyo imepigwa na mawimbi ya namna hiyo kila baada ya miaka 500 hadi 800, na waandishi waliona katika utofauti huo uliosalia uwezo wa konokono kudumu mahali ambapo huangamizwa mara kwa mara. Kauli hiyo isingewezekana kama uchunguzi ungeanza baada ya maafa. Ilitegemea konokono waliookotwa miaka sita kabla, wakati matope yalikuwa matope ya kawaida na hakuna aliyekuwa na haraka nayo.