Saida Bila Tunda

Wasee, hebu leo tuongee kuhusu saida. Ile ya chupa, rangi ya dhahabu, yenye huagizwa na mtu akisema yeye hapendi pombe chungu. Kila nikisikia watu wakiitetea mezani, hoja ni moja: si hii ni matunda tu? Hilo swali limenifanya nisome historia ya saida wiki tatu mfululizo, mimi niliyeacha kampasi mwaka wa pili na sina lekchara wa kuniwekea alama. Nimetoka na msimamo mmoja. Jina saida lilijengwa na watu wengine, kwa kinywaji kingine, na viwanda vikubwa vimelirithi bila kurithi kazi. (Ukiwa chini ya miaka 18, hapa ni historia tu. Chupa iache.)

Saida halisi ni divai ya matofaa. Nyumbani kwake ni magharibi mwa Uingereza: Herefordshire, Gloucestershire, Somerset, Devon. Na matofaa yenyewe si yale ya kula. Kuna aina inaitwa Foxwhelp, kuna Kingston Black, na mengi ya aina hizi ukiyauma mdomo unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Huo ukakasi ndio unaipa saida mwili. Yanaokotwa chini ya miti kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, yanasagwa, yanakamuliwa, halafu juisi inaachwa kwenye mapipa ichachuke polepole kwa hamira ya asili, ile inayoishi kwenye matunda na kwenye kinu chenyewe. Baridi yote inapita. Hadi kitu kama Aprili ndio mtu anaonja. Hakuna maji ya kuongeza, hakuna rangi, hakuna gesi ya kupuliziwa.

Peri ni ndugu yake, ya mapeasi. Na usifikirie yale mapeasi tamu unauziwa barabarani Limuru. Ya peri ni madogo na makali, na aina nyingine ukichelewa siku chache tu kuyakamua yameoza kutoka ndani bila kukuonyesha. Yana sukari moja inaitwa sorbitoli ambayo hamira haiwezi kuila, ndio maana peri hubaki na utamu wake bila kuongezwa kitu. Pia ndio maana ukizidisha, tumbo litakutafuta usiku. Mti wake unaweza kuishi zaidi ya miaka 200. Mwenye kuupanda alijua wajukuu ndio watakunywa.

Sasa historia. Karne ya 17, hiki kilikuwa kinywaji cha watu wa heshima zao. Lord Scudamore wa Herefordshire alifanya tofaa la Redstreak liwe maarufu, na mwaka 1664 John Evelyn alichapisha Pomona, andiko kuhusu matofaa na saida. Waingereza walikuwa na chupa za kioo kigumu kilichoyeyushwa kwa makaa ya mawe, kwa hivyo waliweza kuweka saida na sukari kidogo ndani, wafunge, na mapovu yajitengeneze bila chupa kupasuka. Mwaka 1662 Christopher Merret alieleza mbele ya Royal Society jinsi wauza divai wa Uingereza walivyotia sukari ili divai itoe mapovu. Dom Pérignon alifika kwenye ile abasia yake Ufaransa mwaka 1668. Fanya hesabu mwenyewe.

Halafu ikaja kodi, na hapa Gen Z wa Kenya mtaelewa bila kufafanuliwa. Mwaka 1763 serikali ya Lord Bute ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Miaka Saba na madeni hadi shingoni. Ikaona itoze saida shilingi 4 kwa kila pipa kubwa. Kilichowasha moto zaidi hata hakikuwa hizo shilingi. Maafisa wa ushuru walipewa ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mkulima kukagua mapipa. Watu wakaandamana, William Pitt akaipinga bungeni, Bute akaondoka madarakani mwaka huo huo, na kufikia 1766 ile sheria ya kodi ilikuwa imefutwa. Miaka 3.

Lakini tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa paradiso. Devon watu waliumwa tumbo vibaya na wengine wakapooza mikono kwa miaka mingi, hadi daktari George Baker alipoonyesha mwaka 1767 kwamba ni risasi, ile metali, kutoka kwenye vinu na mashine za kukamulia. Na vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya mshahara kwa saida, lita kadhaa kwa siku. Hebu fikiria boss akikulipa kwa keg. Sheria ilipiga marufuku hiyo tabia mwaka 1887.

Mwaka huo huo, kijana wa miaka 20 anaitwa Percy Bulmer akaanza kukamua saida Hereford. Alikuwa mtoto wa kasisi, alikosa masomo mengi kwa sababu ya pumu. Nilimpenda hapo, sitaficha. Ile kampuni ikaja kuwa jitu la saida duniani, na mwaka 2008 ikaishia mikononi mwa Heineken.

Shida haikuwa ukubwa peke yake. Shida ilikuwa fomula iliyoenea viwandani: chukua juisi iliyokolezwa, hata iwe imesafirishwa kutoka nchi nyingine, ongeza sharubati ya glukosi, chachusha haraka hadi iwe kali sana, kisha ipunguze kwa maji, uichuje, utie utamu na gesi. Na sheria inakubali! Uingereza, ili kinywaji kitozwe ushuru kama saida, juisi inatakiwa iwe angalau asilimia 35. Thelathini na tano, mtu wangu. Ukinunua maziwa yakiwa na asilimia 35 ya maziwa, utaita polisi.

Mwisho wa hiyo njia ni ile inaitwa saida nyeupe: asilimia 7.5 ya kilevi, chupa za lita 3, bei ya kutupa. Walioumia zaidi ni walevi maskini na watoto wa shule. Scotland ilipoweka bei ya chini kabisa ya pombe tarehe 1 Mei 2018, chupa kama hiyo ikalazimika kupita pauni 11, na biashara yake huko ikaporomoka. Kitu kilikuwa kinauzika kwa sababu ya bei tu. Ladha haikuwa na mashabiki.

Wanaopigania saida halisi wapo. CAMRA, chama kilichoanzishwa na vijana 4 mwaka 1971 kutetea bia ya asili, baadaye kiliongeza saida na peri kwenye vita vyake, kikisisitiza juisi iliyokamuliwa mbichi. Na kuna Tom Oliver wa Herefordshire, mtengenezaji wa peri ambaye kazi yake nyingine ni kusimamia ziara za bendi ya The Proclaimers. Ametengeneza peri kutoka kwa peasi linaloitwa Coppy, aina iliyokuwa imebakisha mti mmoja tu mkubwa unaojulikana.

Sisemi saida ya mkulima ni tamu kwa kila mtu. Nyingine ina harufu ya zizi la farasi, na bei yake haicheki na mtu. Ila kama una binamu Bristol au Birmingham, mwambie msimu huu ageuze chupa, asome nyuma. Akiona konsentreti, sukari na kiongeza utamu, airudishe kwa rafu. Akiona jina la tunda, jina la shamba na mwaka wa mavuno, ainunue moja, na asisahau kunipigia picha.