Samaki Mkunje Angali Mbichi: Malezi ya Wachezaji wa Jukwaani mjini Kampala

Jioni moja tuliwapeleka wanafunzi wetu kutazama ngoma katika Kituo cha Ndere, mtaa wa Ntinda, mjini Kampala. Msichana mmoja alicheza jukwaani huku mitungi imepangwa juu ya kichwa chake, mmoja juu ya mwingine, wala hakuishika kwa mkono. Wanafunzi walishangilia mno. Tulipokuwa njiani kurudi, mmoja wao alituuliza: “Walimu, mtu akitaka kuwa kama yule dada, huanzia wapi?” Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu, na kwa kuwa swali lenyewe linahusu malezi, tunadhani laweza kuwafaa walimu wenzetu pia.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini wahenga hawakutuambia ni nani amkunje, wala akunjiwe wapi. Kwa maoni yetu, historia ya michezo ya jukwaani katika nchi zetu ni historia ya majibu mbalimbali ya swali hilo.

Kabla ya kuwako jukwaa, malezi ya mchezaji hayakuwa na ratiba wala cheti. Mtoto wa Kiacholi aliiona larakaraka, ngoma ya uchumba ya vijana, tangu angali mgongoni mwa mama yake. Mtoto wa Kinyankole alizijua pembe za ng'ombe machungani kabla ya kuinua mikono yake juu kuziiga katika ekitaguriro. Wale wa Bunyoro walizoea mlio wa njuga za miguuni za runyege. Aliyecheza na aliyetazama walikuwa watu wa mji mmoja, na mara nyingi walizunguka duara. Ni jambo la kupendeza kwamba hata neno letu sarakasi, tukilifuatilia hadi asili yake katika Kilatini, maana yake ni duara.

Mwaka 1959 Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza ulifunguliwa Kampala, na hapo duara likakatwa. Watazamaji sasa waliketi upande mmoja, gizani, nao walikuwa wamelipa kiingilio. Baada ya uhuru wa 1962, Serikali ya Uganda iliunda kikundi cha taifa kilichoitwa Heartbeat of Africa, yaani mapigo ya moyo wa Afrika. Wachezaji wake walitoka sehemu mbalimbali za nchi, na kikundi kikasafiri hadi ng'ambo. Samaki hawa walifika Kampala wamekwisha kukunjwa na vijiji vyao. Yaliyobaki kufundishwa yalikuwa ya jukwaa lenyewe: kuifupisha ngoma ya usiku kucha iwe ya dakika chache, kuuelekea upande mmoja, na lililo gumu zaidi, kucheza ngoma za wenzao ambazo hawakuzaliwa nazo.

Jirani zetu wa Tanzania walishika pia njia nyingine. Mwaka 1965 vijana wapatao 20 walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walirudi mwaka 1969, ndipo Kikundi cha Taifa cha Sarakasi kikaanzishwa. Hapa samaki alichukuliwa mbichi, akakunjwa mbali na nyumbani kwa muda wa miaka minne.

Huenda msomaji akaona kwamba miaka minne ni mingi kwa michezo ya viungo. La hasha. Sarakasi haifundishwi kwa maneno. Mwanagenzi huanza kwa kulainisha viungo, siku baada ya siku, mpaka mgongo na nyonga vikubali. Hujifunza kusimama kwa mikono akiegemea ukuta, kisha bila ukuta. Hupiga kichwangomba juu ya godoro kabla ya kuthubutu kwenye sakafu tupu. Zaidi ya yote, hujifunza kuaminiwa. Katika mnara wa watu, macho ya watazamaji humfuata mtoto mwepesi aliye kileleni, lakini usalama wa mtoto huyo umo mabegani mwa yule wa chini, ambaye hana budi kusimama imara huku akihisi kwa mwili wake mambo yanayotendeka juu asikoweza kutazama. Akiteleza yeye, wote wameanguka.

Vikundi hivyo vya taifa havikudumu. Nchini Uganda mambo yalianza kuharibika mapema. Mwezi Mei 1966 majeshi ya Serikali yalilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Wanamuziki waliokuwa wakilelewa na majumba ya wafalme wakakosa mlezi. Kisha ukafuata utawala wa Idi Amin kuanzia 1971. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia na mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa za watu weusi mjini Lagos. Katika hali kama hiyo kikundi cha taifa kilififia.

Tanzania nako vikundi vya taifa vilivunjwa, lakini mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Isitoshe, wale waliofunzwa China walikuwa wamekwisha kupata wanafunzi. Sarakasi iliingia katika vikundi vya mashirika, vya majeshi na vya watu binafsi, hata jioni ya burudani mjini Dar es Salaam ikawa haikamiliki bila ngoma, kichekesho na sarakasi. Kikundi kilikufa, mafunzo yakabaki.

Kinyume chake tunakiona Busoga. Huko kuna bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu uliopigwa katika kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, kwa hiyo watu watano au zaidi hupokezana sauti ndipo wimbo utimie. Mtu mmoja peke yake hawezi kuupiga. Ufalme ulipofutwa, vijana hawakuona sababu ya kujifunza. Mwaka 2012 UNESCO ilipouandikisha muziki huo katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mafundi wazee waliobaki walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ilibidi vijana wakusanywe upya na kuketishwa miguuni mwa wazee hao kabla hawajaondoka.

Ndipo tuirudie Ndere. Kikundi hicho kilianzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, wakati vita vya Luwero vikiendelea, na jina lake limetokana na endere, yaani filimbi. Hakikungoja Serikali. Kiliwachukua vijana, wengi wao kutoka jamaa zisizojiweza, na kazi yao jukwaani ikawasaidia kupata karo ya shule. Hapa samaki ni mbichi, naye anakunjwa Kampala, lakini kwa mikunjo ya nyumbani. Rwangyezi amejulikana pia kwa desturi yake ya kusimama kati ya ngoma na ngoma akiwaeleza watazamaji, kwa mizaha mingi, ngoma hii ni ya nani na ilichezwa kwa ajili gani. Kwetu sisi walimu desturi hiyo si nyongeza ya onyesho. Bila maelezo hayo larakaraka yaweza kuwa kelele za vibuyu tu, na mchezaji aliyeikariri asijue kwamba anaposa.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi wa Kiswahili? Lugha yetu nayo imepandishwa jukwaani Uganda mara kadhaa. Mwaka 1973 ilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Matangazo hayo ni mema, lakini amri ya 1973 imekwisha kutuonyesha kwamba tangazo bila walimu ni pazia lililofunguliwa mbele ya jukwaa tupu. Nasi pia tuna hatia yetu: mara nyingi huwakaririsha watoto ngonjera kwa ajili ya siku ya wageni, na wageni wakiondoka, ngonjera nayo imekwisha.

Yule mwanafunzi tulimjibu wiki iliyofuata, darasani. Tulimwambia kwamba mtu huanza na mtungi mmoja, tena mtupu, mbele ya mwalimu ambaye aliwahi kuivunja mingi. Alicheka, kisha akauliza kama mwalimu wa namna hiyo yuko karibu na kwao. Swali hilo la pili tunawaachia wasomaji.