Shabiki Ndiye Aliyeijenga WFAN

Julai 1, 1987, saa tisa alasiri, redio ya WHN ya New York, iliyokuwa ikipiga muziki wa kantri kwenye 1050 AM, iliachana na muziki na kuitwa WFAN. Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya Suzyn Waldman akisoma habari za michezo. Wamiliki, kampuni ya Emmis chini ya Jeff Smulyan, walikuwa wameamua kutangaza michezo saa 24, siku zote za wiki, na wengi katika biashara ya redio waliona wanatupa fedha. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mtandao wa redio wa Enterprise ulikuwa umejaribu wazo hilohilo mwaka 1981, ukafa kabla mwaka haujaisha. Kwa upande mwingine, masafa ya AM hayakuwa na mengi ya kupoteza: muziki ulishahamia FM yenye sauti safi, na wasikilizaji wakaufuata.

Ni rahisi kudhani kwamba mechi ndizo zilizoibeba WFAN. Mimi sikubaliani na hilo. Mets, mabingwa wa besiboli wa mwaka 1986, walikuwa tayari wakitangazwa na WHN, na wingi wa mechi zao haukuizuia kubadilishwa. Isitoshe, mechi ya besiboli hula saa tatu hivi. Zinazobaki lazima zijazwe na maneno. Kwa hiyo swali la kuuliza ni maneno ya nani, na miaka miwili ya mwanzo inatoa jibu. Jioni alipewa Pete Franklin, mtangazaji aliyevuma sana Cleveland kwa kuwafokea wapiga simu. New York hakuvuma. Septemba 1989 nafasi yake ilichukuliwa na Mike Francesa na Chris Russo, wote wawili vijana wa Long Island, kwa kipindi cha “Mike and the Mad Dog” kilichodumu hadi Agosti 2008. Walikuwa wakikatizana kauli, wakipandishiana sauti, na kubishana kwa lafudhi ya mtaani kwao kama watu waliokuwa na deni la kibinafsi na timu zao. Mpiga simu alitaja jina lake la kwanza na mtaa anakotoka, mara nyingi akaongeza kwamba ni msikilizaji wa siku nyingi ila ndiyo mara yake ya kwanza kupiga, kisha akamwaga hasira zake juu ya kocha. Usiku wa manane alikuwapo Steve Somers, mpole na mwenye maneno mengi, akiwapokea walinzi, madereva wa teksi na wote waliokosa usingizi baada ya timu yao kufungwa.

Wapo watakaosema kilichoiokoa ni ununuzi wa mwaka 1988. Emmis waliichukua redio ya WNBC, na Oktoba 7 mwaka huo WFAN ikahamia 660 AM: wati 50,000, mnara katika kisiwa cha High Island huko Bronx, maji ya chumvi pande zote yakiyasaidia mawimbi kwenda mbali. Pamoja na masafa hayo walimpata Don Imus, mtangazaji wa asubuhi aliyekuwa akivutia matangazo ya biashara kwa wingi, ingawa kipindi chake hakikuwa cha michezo. Hoja hii ina uzito, na sidhani kituo kingevuka miaka ile migumu bila fedha za Imus. Lakini Aprili 2007 Imus alifukuzwa kwa kauli za kibaguzi dhidi ya wachezaji wa kike wa mpira wa kikapu, na Septemba nafasi yake ya asubuhi ikachukuliwa na Boomer Esiason, mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, pamoja na Craig Carton. Ikawa michezo tangu alfajiri, na kituo hakikuanguka. Philadelphia, Boston na Chicago nazo zilipata redio za namna hiyo bila kuwa na Imus wao studio.

Lawama ninayoiona nzito zaidi ni kwamba redio ya namna hii imekuza hasira. Ni kweli. Waldman mwenyewe, mwanamke aliyethubutu kuripoti habari za Yankees, timu nyingine ya besiboli ya New York, alipata matusi na vitisho vya kuuawa kutoka kwa watu wa aina ileile waliokifanya kituo kiwe hai. Mlango uliofunguliwa kwa shabiki haukuwa na kichujio cha kutosha, na walioumia wa kwanza walikuwa wanawake. Hata hivyo, Waldman hakuondoka. Mwaka 2005 akawa mchambuzi wa mechi za Yankees redioni, na mwaka 2014 mechi hizo zikahamia WFAN, sauti yake ikarudi palepale alipoanzia. Wakati huo kituo kilikuwa tayari kinasikika pia kwenye 101.9 FM, tangu Novemba 2012. Mlio ulikuwa safi zaidi, ila waliopiga simu hawakubadilika: Queens wakiwatetea Mets, Bronx wakiwatetea Yankees, na kila mmoja akiamini kocha angeshinda laiti angemsikiliza yeye.